Jua Lisikutangulie Bondeni

Yusta mwanangu,

Mambo ya kubeba kwenda chuoni na ya kuacha mama yako amekwisha kukuambia, tena namjua, amekuambia mara nne. Namba ya simu ya bibi yako umeiandika kwenye daftari na kwenye karatasi ndani ya kiatu. Huko siingii. Mimi nimebaki na jambo moja tu, nalo ni lile la theluji.

Unakumbuka Pasaka nilipokuja nyumbani Rujewa. Ulikuwa umekaa mlangoni na simu ya mama yako, ukaniita, "Baba, njoo uone." Ilikuwa video ya nchi za mbali huko, watoto wanarushiana theluji, miti myeupe, mapaa meupe, mbwa anakimbia na kuzama mpaka tumboni. Ukaniuliza, "Baba, wewe uliyezaliwa kwenye baridi, umewahi kuona kitu kama hiki?" Nikasema sijawahi. Nikainuka, nikaenda kurekebisha kamba ya mbuzi ambayo haikuwa na tatizo lolote. Nilikusikia ukimwambia mama yako, "Baba hapendi kuongea na mimi." Nilikuwa nyuma ya ukuta. Sikurudi kukuambia kwamba si hivyo.

Nakuandikia nikiwa Madibira, juu ya kichanja changu cha kulindia mpunga. Ni mchana, saa ambayo jua linachoma mpaka ndege wenyewe wamekimbilia kwenye miti, kwa hiyo nina nafasi mpaka saa kumi watakaporudi. Kesho alfajiri Ambakisye, mwenzangu wa shamba la jirani, atakuja Rujewa na pikipiki. Atakupa barua hii kabla basi lako halijaondoka. Mama yako nilimwambia siwezi kuja kwa sababu mpunga umebakiza wiki moja, na wale ndege, kweleakwelea, wakishuka nusu saa tu mwenye shamba amebaki na majani. Hiyo ni kweli. Lakini Ambakisye alijitolea kunishikia zamu nije nikuage, nikakataa. Nikamwambia, nenda wewe, mimi nabaki. Niliogopa kusimama na wewe stendi, ukaniuliza habari za kwetu, nami nikakudanganya tena huku basi linawasha injini.

Sasa nakujibu. Nimewahi kuona. Haikuwa ile ya kushuka kutoka juu na kurundikana, ile kweli sijaiona. Kwetu, huko nyuma ya Igowole unakokwenda, mwezi wa sita na wa saba, anga likikesha safi bila wingu na bila upepo, ukiamka unakuta bonde zima ni jeupe. Majani, nyuzi za buibui, mavi ya ng'ombe, kila kitu kimepakwa weupe. Mwalimu wetu alikuwa akisema, "Hiyo ni sakitu, theluji iko Ulaya na juu ya Kilimanjaro." Sisi tukiwa wenyewe tuliita theluji, na tulijivuna nayo kama vile tumeitengeneza.

Viatu hatukuwa navyo. Tulikuwa tunakwenda shule tunakimbia juu ya ule weupe, nyayo zinauma kama zimekanyaga makaa. Njiani palikuwa na zizi la mzee mmoja, na mchezo wetu ulikuwa kuwafukuza ng'ombe wake walipolala ili tusimame mahali walipoinuka. Pale ardhi ni ya moto, mwanangu, inatoa mvuke. Unasimama hapo mpaka vidole vinarudi, halafu unakimbia tena hadi kwa ng'ombe mwingine. Shangazi yako Lusia, ambaye alikuwa mdogo kwangu kwa miaka minne, alikuwa akiacha sufuria la maji nje jioni. Asubuhi analitoa lile barafu la juu likiwa duara zima kama kioo, analishika usoni, ananitazama kupitia pale na kusema, "Kaka, una sura ya mzee." Halafu tunalilamba.

Niliipenda baridi ile. Nataka ulijue hilo kwanza, kwa sababu yanayofuata yanatokana na kuipenda.

Bibi yako alikuwa na kinyungu. Huku Usangu watu hawana neno hilo. Ni bustani ya bondeni, pembeni ya kijito, ambako udongo unabaki na unyevu hata kiangazi, kwa hiyo watu wanalima wakati mashamba ya mlimani yamekauka. Kinyungu kile alipewa na baba yake, na sisi tulikitegemea miezi yote ya kipupwe. Babu yako alikuwa msituni anapasua mbao, anarudi mara moja kwa mwezi. Tulichokula ni viazi vya bondeni.

Lakini bondeni ndipo baridi inapokaa. Ile barafu ikishika majani ya viazi, wasioijua wanafikiri basi, vimekufa. Havijafa. Vinakufa jua likivikuta bado vyeupe. Kwa hiyo akina mama wa kwetu wanashuka alfajiri, wanachota maji ya kijito, wanayanyunyiza kwenye majani tuta kwa tuta, wanaosha ule weupe wote kabla jua halijavuka mlima. Ukiwahi, viazi vinaendelea kama vile hakuna kilichotokea. Ukichelewa, saa sita mchana majani yamekuwa meusi na yamelala, utadhani mtu ameyamwagia maji ya moto.

Mwaka nilipokuwa darasa la sita, dada yake bibi yako alifariki kijiji cha pili. Mama akaondoka kwenda msibani siku mbili. Alinionyesha debe, akanionyesha kopo alilolitoboa matundu chini, akasema, "Vimeanza kutoa maua, ndiyo wakati wake mbaya. Ukiona nyota ni nyingi, ujue kesho ni kazi. Jua lisikutangulie."

Niliwahi, Yusta. Mtu akisikia habari hii atadhani nililala. Niliamka bado giza, nikashuka, nikachota debe likajaa, nikalibeba mpaka tuta la kwanza. Kulikuwa kunapambazuka. Nikainua macho.

Sijui nikuelezeje. Matuta yote yalikuwa meupe na kila ua la kiazi lilikuwa limeganda likiwa limefunguka. Ng'ambo ya kijito majani marefu yalikuwa yamesimama kama yamechongwa. Hakuna kilichotikisika. Na mimi nilijua kitu kimoja, kwamba jua likigusa tu, dakika za mwanzo kabisa, bonde lote linang'aa, linawaka kwa rangi usizoweza kuzihesabu. Nilikuwa nimeliona kwa mbali tu nikikimbilia shule. Sikuwahi kusimama katikati yake. Nikajiambia nitaangalia kidogo tu jua litakapofika, halafu nitafanya haraka.

Lusia alishuka ananitafuta, amejifunga kanga ya mama mpaka puani. Akaliona debe limejaa.

"Kaka, mbona hujaanza?"

"Ngoja kidogo."

"Mama alisema jua lisikutangulie."

"Nimesema ngoja kidogo."

Tukangoja. Na lilikuja, na liling'aa, na mpaka leo sijaona kitu kizuri kama kile. Siwezi kukuambia uongo kwamba kilikuwa kibaya. Tulisimama mdomo wazi. Halafu nikaanza kukimbia na kopo, lakini jua likishavuka mlima halisubiri. Tuta la kwanza nililimwagia likiwa tayari linatiririka lenyewe. Nikaliacha kopo. Saa sita mchana kinyungu chetu kilikuwa cheusi, na cha Mama Zawadi, jirani yetu, aliyeosha vyake kimyakimya upande wa pili wa kijito, kilikuwa kijani kibichi.

Mama alirudi kesho yake amevimba macho kwa kumlilia dada yake. Alisimama pembeni ya kinyungu, hakupiga kelele. Akaniuliza, "Ulimwaga maji?"

Nikasema, "Nilimwaga yote, mama. Kabla ya jua. Baridi ilizidi."

Lusia alikuwepo. Alinitazama, akatazama chini. Wewe na wadogo zako mnacheka kila shangazi yenu akipiga simu kutoka Mbeya na kuuliza, "Mzee Ngoja Kidogo yupo?" Mnafikiri ni kwa sababu mimi ni mzito. Sasa umejua. Hajanisema kwa mtu hata siku moja. Ananikumbusha tu.

Mwaka ule tulikula mboga za kuokota na unga wa kuazima, na hilo lilipita. Ambalo halikupita ni hili. Bibi yako aliniamini. Hakufikiri kwamba mwanawe anaweza kumdanganya, kwa hiyo akatafuta sababu nyingine, na akajikuta mwenyewe. Maji yalimwagwa, ya Mama Zawadi yakasaidia, yetu yakakataa. Basi kosa liko kwa aliyepanda. Akaanza kusema mkono wake hauna baraka. Mwaka uliofuata akakiacha kinyungu cha baba yake, akamwachia Mama Zawadi alime, yeye akahamia shamba la mlimani lenye mawe. Nilimsaidia kuhamisha majembe. Nilikuwa na nafasi ya kusema njia nzima, na njia ile ni ndefu.

Nilipomaliza darasa la saba nikashuka huku Usangu na vijana wengine kuvuna mpunga. Nilimwambia narudi mavuno yakiisha. Nimevuna mavuno mangapi tangu hapo? Nimekwenda kwetu mara mbili tu, nilipomzika baba na nilipokupeleka wewe ukiwa mgongoni mwa mama yako, na mara zote ilikuwa Desemba, bonde likiwa na mvua na matope kama bonde lolote. Kipupwe sijakanyaga. Watu wa hapa wananisifu kwamba mimi ni mlinzi wa kweli, wa kwanza kupanda kichanjani na wa mwisho kushuka, hata malaria hainishushi. Ambakisye ananitania, "Wewe ndege wanakujua kwa jina." Wanafikiri ni bidii. Nami nilifikiri hivyo muda mrefu, kwamba nikilinda vya watu bila kukosa, basi kile kimoja kitafutika. Hakikufutika, ila nilizeeka.

Sikuambii haya ili uwe mwangalifu na kazi, wewe ni mwangalifu kuliko mimi. Wala usije ukafikiri kusimama kuangalia kitu kizuri ni kosa. Nimekosa mengi, lakini lile la kuangalia nimeshajisamehe. Nilikuwa mtoto. Lililoniharibia ni yale maneno machache niliyomwambia mama yangu. Siku ile yangekuwa mepesi kuyarudisha. Ningechapwa, ningelala njaa, kwisha. Wiki iliyofuata yalikuwa mazito kidogo. Baada ya mwaka mmoja sikuweza kuyainua.

Ningeweza kuendelea hivi mpaka mmoja wetu azikwe. Lakini wiki mbili zilizopita bibi yako alinipigia simu, ana furaha kama msichana. Akasema, "Mjukuu wangu anakuja chuo hapa karibu, atakuwa anashinda kwangu Jumamosi na Jumapili. Nimemwomba Mama Zawadi anirudishie kinyungu. Nimepanda viazi bondeni, vimeshafunika matuta. Vya Yusta." Nikamwambia vizuri, mama. Nikakata simu nikabaki nimeishika.

Kwa sababu baridi inakuja, mwanangu. Mwezi huu huu. Na yeye haoshi, kwa nini aoshe? Ninavyomjua atakaa ndani kwenye moto, atasema mkono wangu ndivyo ulivyo, na atashuka saa sita kuangalia weusi. Kisha hatapanda tena mpaka anakufa. Ningeweza kukuandikia mstari mmoja, "Mmwagilie bibi viazi alfajiri," ukafanya, vikapona, na mimi nikabaki salama. Niliuandika huo mstari kwenye karatasi nyingine. Nimeuchana.

Hapa naacha kuandika. Nashuka kwenda tuta la mfereji, ndipo mtandao unapokamata.

Nimerudi. Nakuandikia ilivyokuwa, ili ukifika usisikie upande mmoja.

Nilimsalimu kwa lugha ya kwetu, "Kamwene, mama."

"Kamwene, mwanangu. Mbona mchana? Nani anaumwa?"

"Hakuna. Nataka kuuliza viazi vya bondeni."

"Uwii, vizuri! Vinatoa maua. Baridi ikitaka kuvichukua ivichukue, mimi nimeshavionea fahari."

"Mama, ile asubuhi sikumwaga maji."

"Asubuhi gani?"

Yusta, hakujua ni asubuhi gani. Mimi nimeibeba maisha yangu yote na ilibidi nimweleze ni ipi. Nikamwambia, ile ulipokwenda msibani kwa mama mkubwa. Nikasikia kuku wake.

"Hukumwaga."

"Sikumwaga kwa wakati."

"Ulilala?"

"Hapana. Nilikuwa bondeni. Debe lilikuwa limejaa."

"Sasa ulikuwa unafanya nini na debe limejaa?"

"Naangalia, mama. Inavyong'aa."

Nikatazama kama simu imekatika. Halafu akasema polepole, si kwangu hasa, "Hata mahindi ya uani namwita Mama Zawadi aangushe punje ya kwanza. Kila mwaka namwita. Namwambia, njoo wewe, mimi mkono wangu mbaya." Nikamsikia akifukuza kuku. "Anakuja. Mgongo unamuuma, lakini anakuja."

Nikasema, "Nisamehe, mama."

"Funga simu. Nina kazi."

Ikakatika.

Nilisimama pale tutani sijui kwa muda gani. Kilichonishtua ni Ambakisye anapiga debe kama mwendawazimu. Ndege walikuwa wameshuka kwenye kona ya shamba langu, wamejaa kama moshi. Nikakimbia, tukawafukuza wote wawili. Kona yote imeliwa.

"Mzee, ulikuwa wapi?" ananiuliza, anahema. "Miaka yote nakujua, leo ndiyo umeacha kichanja!"

"Nilikuwa naongea na mama."

"Mama yako mzazi?"

"Ndiyo."

Akaitazama ile kona. "Basi mwenye shamba tutamwambia ukweli. Naye ana mama."

Tulipokuwa bado tumesimama, simu yangu ikalia mara moja ikakatika. Bibi yako hupenda kubipu, hata akiwa na salio. Nikampigia. Hakunisalimu.

"Huyo mtoto anakuja kesho?"

"Kesho, mama."

"Ana mabuti?"

"Hana."

"Aje na mabuti. Kijito kinauma asubuhi." Halafu, "Na wewe usidhani nimemaliza. Sijaanza hata. Utakuja uyasikie hapa nyumbani, nikiwa nakutazama."

"Nitakuja mpunga ukivunwa."

"Kutakuwa na baridi."

"Najua, mama. Nitakuja kwenye hiyo baridi."

Akakata.

Kwa hiyo ukifika huenda ukamkuta amekasirika. Muache akasirike, ni haki yake, amechelewa kuipata. Usinitetee. Akikusimulia habari zangu mbaya, sikiliza mpaka mwisho, na ukiona ameongeza chumvi usimrekebishe. Ila asubuhi yoyote akitaka kushuka na debe mwenyewe, muache abebe. Usimwambie, "Bibi, kaa, mimi nitafanya." Mkono wake ndio uende kwenye majani. Wewe nyunyiza tuta la pembeni.

Kwenye mfuko atakaokupa Ambakisye pamoja na barua hii kuna mabuti yangu. Yatakuzidi, vaa soksi mbili na jaza gazeti mbele. Nimeyaosha lakini bado yananuka matope ya Madibira. Mimi usinifikirie, maji ya huku ni ya vuguvugu, nitamaliza msimu peku kama nilivyoyaanza maisha.

Utaangalia nyota jioni. Zikiwa nyingi na hakuna upepo, lala mapema. Anza upande wa chini karibu na kijito, huko ndiko baridi inakokaa nzito, halafu uende ukipanda juu. Usiruke tuta. Ukiwa umemaliza la mwisho, na debe ni tupu, geuka uangalie ng'ambo, yale majani marefu ambayo si ya mtu na hayahitaji kuoshwa. Hapo ngoja kidogo. Jua litayafikia. Mwite na bibi yako aangalie, kwa sababu sidhani kama katika maisha yake yote amewahi kusimama bure pale kuona kinachong'aa. Siku zote alikuwa ameinama.

Halafu nipigie unieleze, nami safari hii nitakujibu.

Jua lisikutangulie, mwanangu.

Baba yako.